Kikomo cha Kadi ya Pretty

Saa moja asubuhi Inspekta Drani alikuwa amekwisha fika Bwera, amesimama mbele ya duka la mtu aliyelala selo kule Kasese. Alikuwa na muda wa saa saba tu. Saa nane mchana Hilaire, fundi kompyuta mwenyeji wa Butembo kule Kongo, angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la wizi, na mkuu wa kituo alikwisha sema hataki kusikia habari ya kuongezewa siku. Kwa mkuu, kesi ilikuwa imeiva. Mlalamikaji alikuwepo, kielelezo kilikuwepo, na mshukiwa alikuwa mkimbizi asiye na mtu wa kumpigia simu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Drani hakupenda kesi inayoiva kabla ya kuinjikwa. Miaka kumi na tisa ya upelelezi, kutoka kwao Moyo, kaskazini mwa Uganda, hadi huku chini ya mlima, ilikuwa imemzoesha kuamini mikono yake kuliko mdomo wa mtu. Wenzake wa barakisi walisema anajiamini kupita kiasi. Yeye hakuwabishia, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Pretty, mwenye studio ya video za harusi pale Nyamwamba, Kasese, alimpa Hilaire kadi ya picha ya kompyuta yake, kile kipande kizito chenye feni mbili kinachofanya kazi ya kuchora kila kitu kwenye skrini. Alitaka isafishwe, kisha isukumwe, yaani ilazimishwe kwenda mbio kuliko mwendo iliotoka nao kiwandani, ili video zake zimalizike mapema. Hilaire akaifanyia kazi, akairudisha mwenyewe Jumapili ya wiki iliyopita. Alhamisi kompyuta ikaanza kuganda. Fundi mwingine, Crispus wa Kasese, akaifungua na kutangaza kwamba ile si kadi ya Pretty hata kidogo. Mkongo amebaki na nzuri, alisema, na lebo yake yenye namba ameibandika juu ya kadi kuukuu. Jumamosi mchana Hilaire akafungwa pingu. Leo ilikuwa Jumatatu.

Konstebo Onen, dereva na msaidizi wake, alikuwa amekalia boneti ya gari akipekua daftari lililokamatwa pamoja na Hilaire. Kwenye jalada palikuwa na namba ya kielelezo aliyoiandika Onen mwenyewe siku ya Jumamosi.

"Afande, siri yote iko ndani ya hii kitabu," alisema. "Angalia hapa. Elfu mbili na arobaini, C tatu. Elfu mbili na hamsini na tano, D ine. C ni karatoni. D ni dola. Huyu mutu iko navusha vitu mpaka."

Drani akamwambia angoje mwenye mlango aje.

Mwenye mlango alikuja akiwa na mtoto mgongoni na funguo shingoni. Aliitwa Kaswera, mke wa Hilaire. Hakulia wala hakupiga magoti, jambo ambalo Drani alilipenda mara moja. Alifungua duka, akawaonyesha meza ya mumewe, kisha akasema kwamba mwenye nyumba amempa hadi jioni. Hilaire akipelekwa rumande, vitu vyao vinawekwa barabarani, kwa kuwa nyumba ile haipangishwi kwa wezi. Alilitamka neno hilo la mwisho taratibu, akimtazama Drani usoni.

Drani akamfungulia daftari, akauliza C ni nini.

"C iko shapele, komanda," Kaswera alijibu. "D iko dizeni. Bwana yangu anatia namba, miye ninasali."

Onen aliacha kutabasamu. Kaswera akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Drani alivyozidi kukisogeza kiti chake mbele. Kila kadi, alisema, ina kikomo chake. Mbili zikitoka kiwanda kimoja siku moja, bado moja itafika mbali na nyingine itachoka njiani, kama watoto wa tumbo moja. Hakuna kitabu kinachokwambia kikomo kiko wapi, lazima ukitafute. Hilaire huongeza mwendo kidogo, kumi na tano kwa kumi na tano, kisha anawasha programu inayoichoresha kadi vitu vigumu bila kupumzika. Hapo Kaswera anashika rozari. Shapele tatu zikiisha kadi ingali inachora, Hilaire anaandika C3 na kupanda ngazi nyingine. Ikiganda, anaandika iligandia dizeni ya ngapi, anashuka ngazi moja, na hapo ndipo anapomwachia mteja.

Drani akauliza kwa nini hawakutumia saa kama watu wengine.

"Umeme ikikatika, saa ya ile mashine inarudia mwaka ya zamani. Na mutu akiangalia skrini bure, analala. Mwenye kusali halale."

Mama yake Drani alikuwa katekista, na mtoto wa katekista hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Dizeni ni Salamu Maria kumi, shapele, ambayo kwa Kifaransa huandikwa kwa C, ni dizeni tano, na asiyekimbiza maneno huimaliza kwa dakika ishirini. Basi C3 ilikuwa saa nzima. Kadi ya Pretty ilikuwa imestahimili saa nzima kwenye mwendo wa megahezi elfu mbili na arobaini, na ilipoongezwa kumi na tano tu ikaanguka katika dizeni ya nne. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hapa ukingo ulikuwa umeandikwa kwa wino, pamoja na tarehe.

Alitoa kielelezo kwenye mfuko: ile kadi kuukuu iliyokutwa ndani ya kompyuta ya Pretty. Aliigeuza, akaipitisha kucha kwenye pembe ya lebo. Pembe ikainuka. Ndani ya gundi palikuwa na kidudu kimebanwa, kikavu, mabawa yamefunguka. Akamulika kwa simu katikati ya mapezi ya bati yanayopoza kadi, akaona vingine kumi au kumi na vitano. Akamwuliza Kaswera kama vidudu vile vipo Bwera. Kaswera alitikisa kichwa, hakuwahi kuviona. Onen ndiye aliyejibu.

"Hiyo ni ya ziwa, afande. Mimi nilikaa posti ya Hamukungu mwaka mbili. Zilikuwa naingia mpaka kwa chai."

"Na kutoka hapa mpaka ziwa?"

"Mbali. Hakuna namna."

Drani akamwambia Kaswera afunge duka na achukue rozari yake, pamoja na flashi yenye programu ya majaribio. Alimwita mama Muhindo, jina alilolisikia kwa jirani, na akamwomba, hakumwamuru. Onen alishangaa lakini akawasha gari.

Saa tatu walikuwa Nyamwamba. Studio ya Pretty ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jekundu la kupigia picha. Pretty mwenyewe alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mchangamfu, mwenye hasira ya mtu aliyeibiwa na rafiki. Alipomwona Kaswera akakunja uso. Drani alimwomba jambo moja tu: kadi kuukuu irudishwe ndani ya kompyuta, na kompyuta iwashwe bila kubadilisha kitu. Kaswera ndiye aliyeifunga, kwa bisibisi ya mumewe, na mikono yake haikutafutatafuta skrubu.

Kompyuta ikawaka. Kwenye kona ya skrini palikuwa na namba: 2040. Ilikuwa namba ya Hilaire, aliyoiweka siku ile ya Jumapili, na kompyuta ilikuwa ikiikumbuka na kuitumia kila ilipowashwa. Kaswera akaanzisha programu na kusali kwa sauti ya chini. Hakufika Salamu Maria ya saba. Miraba midogo ya kijani ilitapakaa juu ya skrini, kisha picha ikasimama.

Pretty alisema ndivyo inavyofanya tangu Alhamisi, na kwa hiyo mwizi anajulikana.

Drani akavuta kiti. Aliuliza maswali mafupi, moja baada ya jingine, bila kuandika chochote. Jumapili Hilaire alipoirudisha, iliwaka? Iliwaka. Jumatatu alifanya kazi gani? Alikata video ya harusi ya watu wa Bugoye. Jumanne? Aliimalizia, saa tisa mfululizo, na hakuwahi kuona mashine ikienda mbio vile. Iliganda mara ngapi? Haikuganda.

"Sasa nisaidie," Drani alisema. "Hii kadi imeshindwa hata dizeni moja na namba ya Hilaire. Kama ndiyo alikupa siku ya Sande, harusi ya watu ulimaliza na nini?"

Pretty aligeuka, akaitazama skrini iliyoganda. Ndipo Drani akauliza nani aliigusa kompyuta siku ya Jumatano.

Hakuna mtu, alisema Pretty. Alikuja Crispus tu, tena kwa ajili ya stabilaiza ya umeme iliyokuwa inalia, akaitengeneza bure. Na kwa kuwa alikataa pesa, ilibidi apewe angalau kitu cha kunywa. Mtu hawezi kukufanyia kazi ya bure ukamwacha na koo kavu, na soda ya mgeni hutumi mtu, unaifuata mwenyewe. Duka la karibu halikuwa na soda baridi, kwa hiyo alikwenda hadi la pili. Labda nusu saa.

"Crispus iko na kazi ingine mbali na hapa Kasese?" Drani aliuliza.

"Ana ukumbi wa gemu, ssebo," alisema Pretty, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kahendero. Pale karibu na ziwa."

Drani alikuwa tayari amesimama. Alipita kituoni kuchukua hati ya upekuzi, mkuu akamkumbusha saa nane, naye akajibu kwamba saa nane anaijua. Saa nne na nusu walikuwa Kahendero, kwenye harufu ya samaki wa kukaushwa, mbele ya chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya bluu. Vidudu vya ziwa vilikuwa vimelala juu ya kizingiti kama pumba.

Crispus alikuwa mtu mrefu, mwenye kucheka upesi. Aliisoma hati yote, akasema polisi ni wageni wake, akawaonyesha kompyuta nne zilizopangwa ukutani. Drani akaomba zifunguliwe. Ndani ya kila moja palikuwa na kadi ya aina ile ile ya Pretty, yenye feni mbili. Tatu zilikuwa na lebo. Ya kompyuta ya tatu haikuwa nayo, na Crispus akasema lebo hubanduka kwa joto.

"Ulinunua wapi?"

"Kampala, afande. Zote nne siku moja, boksi moja."

"Ziko sawa?"

"Kama mayai. Hakuna yenye kuipita ingine."

Drani akamwomba alirudie neno hilo ili Onen aliandike. Crispus akalirudia kwa furaha. Kisha Drani akamwambia, kwa kuwa yeye ndiye fundi, aweke programu ya kwenye flashi ndani ya kompyuta zote, na zote azipandishe hadi elfu mbili na arobaini. Crispus alisita. Alisema hapa ni joto, umeme wa Kahendero haueleweki, na kadi zinaweza kuungua. Kaswera, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamjibu kwamba kadi haiungui kwa kuongezewa mwendo mdogo namna hiyo. Inaganda tu, unaizima, inaamka. Drani akaongeza kwamba umeme mbaya ungeziangusha zote, maana waya ni mmoja. Crispus alimtazama konstebo aliyekuwa anaandika, kisha akaweka namba.

Skrini nne zikaanza kuchora kitu kimoja, mpira wenye manyoya unaozunguka. Kaswera alikaa kwenye benchi la wacheza gemu, mtoto amelala mgongoni, akaanza kusali kwa Kinande. Hakuharakisha. Onen alivua kofia bila kuambiwa.

Kompyuta ya pili iliganda kwenye dizeni ya kwanza. Ya nne ikafuata kabla dizeni hiyo haijaisha. Ya kwanza ilijikaza hadi katikati ya dizeni ya pili, ikatoa miraba midogo ya kijani, ikasimama. Ya tatu, ile isiyo na lebo, iliendelea kuzungusha mpira wake.

Shapele ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Crispus aliacha kucheka, akaanza kuzungumza. Alisema bahati, alisema feni ya ile ni mpya, alisema ana mgonjwa wa kwenda kumwona. Drani alimwambia mgonjwa angoje kidogo. Alikuwa ametulia kabisa. Angeweza kumkamata mtu huyu dakika ileile kwa ajili ya vile vidudu, lakini wakili yeyote mwenye viatu angesema vidudu huruka. Alitaka kitu kisichoruka. Ilipokwisha shapele ya tatu, kadi ingali inachora, alimwomba Kaswera ampe Crispus namba ya pili.

"Elfu mbili, makumi tano na tano," alisema Kaswera.

Kumi na tano tu juu yake. Kadi ilianguka mwishoni mwa dizeni ya tatu. Drani akaagiza irudiwe, maana mara moja inaweza kuwa ajali. Onen akasogeza feni ya mezani karibu, ili kupunguza joto la ziwa. Safari hii ilianguka kwenye dizeni ya nne.

Ndipo Drani akafungua daftari, akaliweka juu ya kibodi, akamwonyesha Crispus mistari miwili na tarehe ya wiki mbili nyuma. Alimwonyesha pia namba ya kielelezo kwenye jalada. Tangu Jumamosi daftari halikutoka mikononi mwa polisi, na mwandishi wake hakutoka selo.

Crispus alisoma. Alisema kadi nyingi zinaweza kuwa na kikomo kama hicho.

"Inaweza," Drani alikubali. "Lakini wewe ulisema ziko kama mayai. Wewe mwenye kukaa na kadi haukujua moja inapita zingine. Mama huyu hajawahi kuingia hapa, na alijua itaanguka wapi."

Drani akavuta kiti karibu, akashusha sauti kana kwamba anamwonea huruma. Alimwambia kwamba kazi yenyewe ilikuwa safi. Kubadilisha kadi na kuhamisha lebo kwa nusu saa, peke yake, si mchezo. Kama Pretty angeendelea kufanya kazi na ile kuukuu kwa mwendo wake wa kiwandani, angeona tu kwamba mashine ni nzito kidogo, na asingeita mtu. Kilichomwangusha ni uzembe ambao fundi yeyote mzuri asingeufanya. Aliondoa kadi ya Hilaire, akaacha namba ya Hilaire ndani ya kompyuta, na ile kadi dhaifu ikalazimishwa kukimbia mbio za mwenzake.

Uso wa Crispus uliiva kwa hasira. Kuitwa mwizi alikuwa amekuvumilia asubuhi nzima.

"Si uzembe," alisema. "Mtu yeyote angefikiri namba inaondoka na kadi. Mimi nilidhani inakaa ndani ya kadi."

Onen aliandika. Crispus aliitazama kalamu ikifika mwisho wa mstari. Kisha akakaa kwenye benchi.

Drani alimwuliza jambo moja zaidi, na hili halikuwa la jalada. Pretty alipolalamika, Crispus angeweza kusema kadi imechoka, basi. Kwa nini alimtaja Hilaire?

"Afande, yule ni Mkongo," Crispus alijibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Nani angeuliza?"

Drani alikasirika. Hakupiga kelele wala hakumpiga; alimwambia Onen alete pingu, na akamfunga mwenyewe.

Walirudi Kasese saa nane kasoro dakika ishirini. Washtakiwa wa siku hiyo walikuwa wamepangwa uani kungoja gari la korti, wamechuchumaa, na Hilaire alikuwa wa tatu. Drani aliingia kwa mkuu na jalada, akatoka baada ya dakika tano. Mkuu alisaini akiwa amekasirika, kisha akasoma ukurasa wa mwisho tena, akacheka peke yake. Hilaire akaambiwa asimame. Crispus akachuchumaa mahali pake.

Kaswera hakumkimbilia mumewe. Alimgeuzia mgongo ili amwone mtoto, na Hilaire akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, akakiacha hapo.

Pretty alikuwa amefika kwa bodaboda. Alisimama mbele ya Hilaire akasema samahani mara tatu, akasema alidanganywa, akasema kadi ikitoka kortini atamletea Bwera, aiweke yeye mwenyewe, kwa bei atakayotaka.

"Miaka mbili nilikutumikia, mama," Hilaire alisema. "Haukukuja hata kuniuliza. Ulimutuma polisi."

Pretty aliinamisha kichwa. Hilaire alisema kadi ni yake, ataipata, na fundi hatamkosa. Yeye Hilaire hataigusa tena. Akamwomba Kaswera waende, maana mwenye nyumba alisema jioni, na basi la Bwera halingoji.

Drani aliwatazama hadi walipopita lango. Kisha akamwita Pretty mezani kwa ajili ya maelezo mapya. Aliandika yeye mwenyewe habari ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano na soda. Alipofika mahali pa kutaja mshukiwa wa kwanza na sababu ya kumshuku, aliligeuza jalada, akampa kalamu.

"Hapa andika kwa mkono yako," alisema.

Pretty aliandika jina la Hilaire. Akafika kwenye sababu, ambapo neno lililobaki lilikuwa Mkongo tu, akaishikilia kalamu juu ya karatasi bila kuishusha, na Drani, ambaye siku hiyo hakuwa tena na saa ya kuikimbilia, alimngoja.